Safu ya Kumi na Mbili

Sindano za kufumia nilizirudisha kabatini
mwaka vidole viliponisusa,
viungo vikavimba kama tangawizi.
Muuza nyuzi wa Ruwi ndiye aliyeniambia:
huu hautaki sindano, mama, unataka kidole na subira.
Uzi mnene, laini kama sikio la mbuzi,
rangi ya chai iliyozidi maziwa,
na vitanzi vyake tayari, kimoja baada ya kimoja.

Kitanzi. Jina baya kwa kitu chema.
Hiki hakijamnyonga mtu.

Nje, hapa Bausher, jua limekalia mapaa ya magari.
Nyuzi arubaini na sita, inasema redio,
na mimi ninazo zangu mapajani.
Ndani Nasor anatetemeka.
Damu inamtoka kwa mrija, inazunguka mashineni,
inaoshwa, inamrudia imepoa.
Jumapili, Jumanne, Alhamisi.
Blanketi la hospitali jembamba
kama udhuru wa mdeni.

Basi nikahesabu vitanzi thelathini na sita, nikavilaza.
Kipya nakichomoza kutoka nyuma,
nakipenyeza ndani ya kikongwe, navuta kidogo:
kikongwe kinainama, kipya kinasimama.
Kushoto kwenda kulia.
Nikifika ukingoni, kulia kwenda kushoto,
kazi haigeuzwi, uso wake unanitazama mimi tu.

Bi Gulnaz, mwanawe yuko kitanda cha dirishani,
hunishikia donge lisibiringike chini ya viti.
Kiarabu chake kimepindia Kibaluchi,
changu kimelowea Unguja ya mama yangu,
tunaelewana kwa uzi.

Tende Nasor haruhusiwi. Maji, kikombe kwa kipimo.
Ulimi umemkauka, mzaha haujamkauka:
"Bibi, hiyo ni blanketi au sanda?"
"Sanda ya rangi ya chai umeiona wapi? Lala."

Safu ya thelathini, nesi Shaila akainama,
akatia kidole:
mama, hapa umeruka kimoja.
Nikahesabu kushuka. Safu ya kumi na mbili.
Vuta tu, akasema, utafumuka wenyewe,
uzi huu hauna fundo,
kwa saa moja utakuwa umerudi ulipokosea.

Ni kweli. Ukiuvuta unakuja wote,
hauna kinyongo.

Lakini safu ya kumi na mbili ilikuwa Jumanne ile.
Presha ilimshuka, mashine ikapiga kelele,
wakavuta pazia, viatu vyao vikakimbia,
nami nimesimama upande huu, kitanzi kidoleni,
sijui jirani yake amedondoka,
sijui kitu.
Halafu, nyuma ya pazia, nikasikia akikohoa
na kuuliza kama nimekula.

Siirudii Jumanne ile, Shaila.
Hata kwa vidole siirudii.

Nilichofanya: nilichomoa uzi mwekundu
kwenye pindo la kanga yangu kuukuu,
nikakifunga kile kitanzi yatima kisikimbie
kikaniangushia na wenzake.
Tundu likabaki.
Upana wake, sarafu ya baisa hamsini.
Nikaendelea juu yake, safu baada ya safu,
hata blanketi likamfika mabegani
na likabaki la kukunja miguuni.

Leo ni Alhamisi. Nimemfunika.
Mkono wa sindano umetulia juu ya mto, hauruhusiwi kusogea.
Ule mwingine uko chini ya blanketi,
nauona ukitembea kama panya chini ya mkeka,
unapapasa, unasimama,
unapapasa.
Amekwisha kulijua lilipo.

Bi Gulnaz ananiuliza bei ya uzi,
mwanawe anapenda samawati.
Ngoja kwanza, namwambia.

Kidole kimoja kimetokeza kwenye tundu,
upande wangu,
kando ya fundo jekundu.
Nakishika, nakisalimia.
Kina joto.